Uzi Usiowasha Shingo

4 Machi

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mashine za kufumia zinanguruma na mgongo umeacha ukorofi wake. Sisi hapa hatujambo. Baba alinunua baiskeli ya mtumba akaanguka nayo siku hiyohiyo mbele ya kinyozi, watu wote wakiwa benchini wanasubiri zamu. Tangu hapo ananyolewa nyumbani na kaka, na kichwa chake sasa kina njia tatu. Mtoto wa kaka ameota jino la kwanza na analijaribu kwa kila mtu. Paka amehamia kabatini. Mama yupo.

Usiulize kwa nini sikupiga simu. Simu yako inaishi kwenye droo pamoja na vifungo, na ukiipokea unaongea kama mtu anayeungua mkono.

Nina shida ndogo. Nataka kufuma sweta, kwa mkono, la mtu mzima. Karibu na studio pana duka la nyuzi, na mchana nikichoka kuwaambia watu wainue kidevu wapigwe picha, naingia humo. Mama Mkubwa, nyuzi ni nyingi mpaka nasikia kizunguzungu! Pamba, sufu, akriliki, mchanganyiko, nene, nyembamba, zenye manyoya, zinazong'aa. Nimezipapasa zote. Jana muuzaji aliniuliza kama nimekuja kununua au kuzikanda. Nichukue uzi gani?

Mwanao,
Kiroboto


17 Machi

Kiroboto,

Marahaba. Mgongo ni mzima, asante, isipokuwa nikiinama, nikiinuka au nikikaa. Huku ni baridi ya kukata masikio. Shule zimefunguliwa, mkuu wa shule aliagiza masweta ya buluu, tukafuma, akayakataa, akasema alitaka ile buluu nyingine. Nimemwomba ainyooshee kidole. Akanyooshea mbingu, na siku hiyo kulikuwa na mawingu.

Wewe kufuma sweta! Wewe uliyeanza skafu ya mwanasesere ukaishia kuwa na kamba ya kiatu! Haya, kuishi kwingi ni kuona mengi.

Sasa nisikilize. Uzi hauchaguliwi kwa macho, wala hauchaguliwi kwa vidole. Vidole ni waongo, vimezoea shida. Chukua uzi, uweke shingoni chini ya sikio, kaa nao hapo huku unafanya kazi zako. Shingo ikianza kulalamika, rudisha dukani. Lakini kabla ya hapo kuna maswali. Sweta ni la nani? Anaishi kwenye joto au baridi? Nguo zake anafua nani, na anafua vipi? Hilo la mwisho ndilo kubwa. Nimeona masweta mazuri yakiuawa kwenye beseni, wewe unajua.

Ukishapata uzi, fuma kipande cha ukubwa wa kiganja. Kifue kama mwenye sweta atakavyolifua. Kikikauka, kifue tena. Halafu nitumie nikione. Sitoi ushauri juu ya uzi nisioushika, na hilo silifanyii hata mkuu wa shule.

Msalimie baba yako na njia zake tatu. Msalimie kaka yako na mkewe, na huyo mwenye jino. Msalimie na paka.

Mama Mkubwa


6 Aprili

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo tena. Salamu zimefika kwa wote uliowataja. Paka ameshukuru. Hukuuliza, lakini nakwambia kwamba Mama pia ni mzima. Anasumbuliwa kidogo na goti.

Baba ameiuza ile baiskeli kwa kinyozi. Anasema ni kulipiza kisasi.

Kuhusu maswali yako. Sweta ni la mama mmoja mtu mzima, mwenye heshima zake. Ni mrefu, mikono mirefu, na masweta ya dukani yanamwishia katikati ya mkono kama amekua jana. Anaishi kwenye baridi. Anasikia baridi kuliko watu wote lakini ukimuuliza anasema ni wewe uliyezoea joto. Vifungo havipendi. Nguo ya kupitishia kichwani ikimharibia kilemba chake, siku imeharibika. Nguo zake anafua mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine duniani anayejua kufua. Hasira zake ziko karibu, ila akicheka mtaa wote unacheka.

Kipande kiko ndani ya bahasha. Ni pamba. Nimekifua mara mbili. Nimefuma mwenyewe, tafadhali usicheke.

Kiroboto


24 Aprili

Kiroboto,

Marahaba. Nimekuwa na wiki ya kazi. Fundi cherehani wa mlango wa pili ameng'oa jino na tangu hapo anataka kila mtu alione, anatembea nalo mfukoni. Buluu imepatikana. Ni ileile ya kwanza, niliipeleka tena kwenye mfuko mwingine, mkuu wa shule akasema sasa ndiyo umenielewa.

Huyo mama yako wa masharti amenichekesha. Mimi nisingeweza kukaa naye nyumba moja mpaka jioni. Lakini kila mtu na shingo yake.

Pamba hapana. Nzuri kwa mtoto mchanga, nzuri kwa joto, lakini ni nzito, na ikilowa inavuta chini. Mtu mrefu hivyo ukimfumia pamba, baada ya kufua mara chache atakuwa na gauni.

Sasa kipande chenyewe. Nimekitazama dirishani, nikavaa miwani, nikakitazama tena. Wewe hukufuma hiki, mwanangu. Vitanzi vyote vimejipinda shingo, mstari hata mstari, kwa utaratibu kabisa. Mtu anayejifunza hukosea ovyo ovyo. Hapa pana mtu amekosea kosa moja bila kuteleza hata mara moja.

Nikuambie jambo. Mama yetu, bibi yako, alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Alitufundisha kufuma akiwa ametuketisha mbele yake, magoti kwa magoti, mimi na mdogo wangu. Tukamwiga tunavyomwona, kila kitu kikageuka, na tukajifunza kupinda kila kitanzi tukidhani ndivyo sweta linavyofumwa. Mimi nilikuja kunyooshwa nilipoajiriwa. Yule tajiri wangu wa kwanza alinifumulisha mkono mzima wa sweta mbele ya wafumaji wenzangu, nikalia, nikajifunza. Mdogo wangu hakuajiriwa popote pa kufuma. Kwa hiyo ninavyojua mimi, amebaki mtu mmoja tu anayefuma hivi.

Sina la kuongeza hapo. Kwamba amepata mtu wa kumfumia, hongera kwa huyo mtu. Mimi sijawahi kufumiwa na yeye hata kitambaa cha kushikia sufuria. Mimi ndiye niliyemfumia yeye sweta la sufu tupu, sufu ya kupanda nayo mlima, kwa majuma na majuma ya usiku baada ya kazi, naye akalitumbukiza kwenye maji yanayochemka, likanywea mpaka likawa la mwanasesere. Halafu akasema mbele ya wakwe zake kwamba uzi ulikuwa takataka. Mimi nikasema mtu asiyeweza kutunza hata dodoki asipewe sweta. Hayo unayajua, ulikuwepo, ulikuwa unakula.

Basi, mwambie huyo fundi wako achukue ule uzi wa bei poa ulio kwenye maboksi ya chini kabisa. Unatosha.

Msalimie baba, kaka, shemeji, mtoto, paka.

Mama Mkubwa


19 Mei

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Studio tumekuwa na picha za wahitimu, watu wanataka kofia ionekane na nywele zionekane, na kichwa ni kimoja. Nyumbani, mtoto ana jino la pili. Kinyozi ameanguka na baiskeli. Baba hajalala kwa furaha.

Uzi wa maboksi ya chini tumeununua. Mama Mkubwa, ule si uzi, ni dawa ya kusugulia masufuria! Kipande hiki hapa. Tumeuweka shingoni ulivyotufundisha, na kabla chai haijaiva shingo ilikuwa nyekundu. Fundi amesema, na hapa namnukuu, "Anajua mwenyewe kwamba uzi huu unawasha. Amekasirika tu." Kisha amesema huyo mama tunayemfumia shingo yake haivumilii kitu, tangu utotoni alikuwa akivalishwa sufu anajikuna mpaka anapigwa.

Mama hajasoma barua yako. Ila ameniomba nikwambie kwamba maji hayakuwa yanachemka. Yalikuwa ya vuguvugu.

Na kitu kingine, ambacho sikutumwa kukisema. Lile sweta dogo halikutupwa. Lilikuwa sandukuni kwa Mama, limekunjwa na karatasi laini kama shahada. Wiki iliyopita mtoto alipata mafua, Mama akalitoa akamvalisha. Limemkaa kama amepimwa. Haliwashi, halichuji, na amelitapikia mara kadhaa bila kupoteza rangi. Kila anayekuja anauliza limenunuliwa wapi.

Kiroboto


2 Juni

Kiroboto,

Marahaba. Naona siku hizi unasema "tumenunua" na "tumeuweka." Mnafuma wangapi hilo sweta?

Mama yako hajasoma barua, lakini ameijibu. Hongera kwake. Mwambie, ikiwa unazungumza naye, kwamba vuguvugu haifanyi sweta la mtu mzima limtoshe mtoto wa meno mawili. Moshi ulikuwa unatoka kwenye beseni. Niliuona kwa macho yangu. Vuguvugu!

Haya. Nimekubali kuhusu ule uzi wa maboksi. Ulikuwa ushauri mbaya na niliutoa kwa makusudi. Nimekaa karakanani na kile kipande, nikakiweka shingoni mwangu mwenyewe nione, na nimejikuna mpaka fundi cherehani akaniuliza kama nina chawa. Mtu hafanyiwi hivyo. Huyo mama hajanikosea lolote. Na lile sweta dogo, sikufichi, limenishangaza. Mimi miaka yote hii nilijua lilifanywa tambara la kusafishia viatu.

Kwa hiyo nimechagua mwenyewe. Kifurushi kinakuja kwa posta, mkipokee kwa makini. Ni mchanganyiko, sufu na akriliki, umetiwa dawa kiwandani usinywee. Laini, lakini si laini ya kinafiki inayotoa manyoya wiki ya pili. Rangi ni ya bilinganya, ile ya kuiva. Madonge yote yalitiwa rangi pamoja, siku moja, hata mkifuma mwaka mzima hamtaona mstari. Niliununua zamani kwa ajili yangu. Nilisema siku nikipata nafasi nitajifumia sweta. Lakini mfumaji hafumi lake, ni sawa na mpishi anayelala njaa, na madonge yamekaa kabatini yakinitazama. Mwache huyo mama alivae. Kama shingo yake ni kama yangu, atalipenda.

Sindano zisiwe nyembamba. Vitanzi vyenu vilivyojipinda vinabana, kwa hiyo mfume kwa kulegeza. Nasema vyenu kwa heshima.

Msalimie baba na wengine. Goti lipakwe mafuta ya moto jioni.

Mama Mkubwa


28 Juni

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Barua fupi, studio wamejaa.

Kifurushi kimefika salama. Goti limepakwa mafuta na limeshukuru, limesema hilo lenyewe, kwa sauti ndogo.

Nilimkabidhi Mama madonge. Akalishika moja, akaliweka shingoni chini ya sikio, akaingia nalo jikoni. Alikaa huko mpaka Baba akauliza kama tunakula au tumefunga. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akasema ni vitunguu. Mama Mkubwa, tulikuwa tunakula mkate.

Sasa mgongo wa sweta umekwisha na kifua kimeanza. Tumekwama kwenye mikono. Huyo mama hutumia mashine kazini, ina kishikio kinachokwenda kushoto na kulia siku nzima. Mikono ya sweta iishie kwenye kifundo au juu yake? Na tumekadiria kiuno kwa kukumbuka tu, hatujamwona siku nyingi. Tunaogopa.

Kiroboto


10 Julai

Kiroboto,

Marahaba.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama mbele ya mashine, kishikio mkononi. Nimeisoma tena nimekaa.

Sitauliza lolote. Mikono iishie juu kidogo ya kifundo, isije ikanaswa.

Kuhusu kiuno, hapa karakanani kuna mteja mmoja wa umbo hilohilo mliloeleza. Ni mrefu, mikono mirefu, hapendi vifungo. Leo nimempima. Vipimo viko nyuma ya karatasi hii. Mtaona kwamba katikati ameongezeka. Fundi wenu akimkumbuka kwa umbo la zamani atamkosa, kwa hiyo asikadirie kwa wema, afuate namba. Bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto kwa sababu ya hicho kishikio. Shingo ni ileile.

Huku baridi imezidi. Huyo mteja anasema yeye hasikii baridi.

Salamu kwa baba, kaka, shemeji, mtoto, paka. Na kwa goti.

Mama Mkubwa


20 Agosti

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Baba ameinunua tena ile baiskeli kutoka kwa kinyozi, kwa bei ndogo, na anaendesha kuzunguka ua tu. Mtoto amesimama. Ameshika sufuria, lakini amesimama.

Kifurushi unakishika sasa hivi, kwa hiyo sina la kutangaza. Nilitaka kuandika kwamba nimefuma mimi, lakini hata paka angecheka. Umejua tangu kipande cha kwanza. Mkono wa kushoto umezidi wa kulia kidogo. Mama aliufumua mara ya kwanza, akaurudia, ukazidi tena, akasema basi, utakunja mwenyewe.

Mama alitaka kuweka barua ndani. Alikaa na kalamu mpaka chai ikapoa. Aliandika "Dada," akaishia hapo, akairarua karatasi, akasema sweta litasema lenyewe. Ameniuliza mara nyingi kama nadhani utalivaa au utalirudisha. Nimemwambia utalivaa. Mama Mkubwa, usinifanye mwongo. Kila nikirudi kutoka kazini ananitazama mikononi kabla hajanitazama usoni, anaangalia kama nimebeba barua. Nami nimechoka kuwa posta yenu, nataka siku moja niwaone mmekaa meza moja, hata kama mnagombana.

Kiroboto


5 Septemba

Kiroboto, ukurasa huu ni wa mama yako. Mpe bila kusoma. Najua utasoma, lakini angalau soma haraka.

Mdogo wangu,

Hujambo. Goti linaendeleaje? Mtoto asishike sufuria yenye kitu cha moto.

Sweta limefika Jumatano nikiwa na mkuu wa shule. Nilifungua kifurushi mezani mbele yake kwa sababu sikuweza kungoja aondoke. Nililivaa hapo hapo. Limenikaa, bega lililoshuka limekaa, tumbo limekaa. Mkuu wa shule alivaa miwani, akasogea, akasema, "Fundi, vitanzi vya sweta lako vimejipinda vyote, hukuona?" Nikamwambia, "Kwetu tunafuma hivi." Akaandika kwenye karatasi yake kitu sikijui. Nahisi mwaka huu ataagiza masweta ya kupinda.

Mkono wa kushoto umezidi. Usiufumue tena. Nimeukunja, na nikiinua mkono kuendesha mashine naona ule mkunjo, basi nafanya kazi.

Nililivaa mpaka Jumamosi. Nililivaa hata nikilala, usimwambie mtu. Jumamosi nikafanya jambo ambalo fundi cherehani ameniambia ni wazimu. Nilichemsha maji. Si ya vuguvugu, mdogo wangu, nilichemsha kabisa, kifuniko kikaruka. Nikayamimina kwenye beseni, nikalivua sweta, nikaliangalia, nikalitumbukiza. Nilitaka kujua kabla hujaja. Maana ukija utafua, nakujua, huwezi kukaa kwenye nyumba ya mtu bila kufua, na sitaki hilo beseni likae tena katikati yetu. Nilikaa kwenye kigoda nikalilinda kama mtu anayelinda maziwa. Nikalitoa, nikalianika kwenye kivuli. 

Leo limekauka. Nimelipima kwa namba zilezile nilizokuletea. Halikunywea hata kidogo. Nimelivaa naandika.

Basi lipo kila Ijumaa asubuhi. Njoo na yule mwenye sweta dogo, na mamaye kama ana nafasi. Kitanda chako kile cha ukutani hakijalaliwa na mtu. Sindano za mama yetu ninazo, nimezipaka mafuta. Nimechagua uzi mwingine, wa rangi ya mchanga, laini, wa shingo yako wewe, na nitaufuma kwa kupinda kama tulivyofundishwa, ukae mbele yangu unisahihishe nikijisahau nikanyoosha.

Na yale maji yalikuwa ya vuguvugu. Nimekubali.

Dada yako